Shemeji na miguu ya meza

Shemeji amekata miguu ya meza yangu. Yote minne. Kwa msumeno wangu mwenyewe!

Unajua sakafu ya sebule yangu inavyoteremka kuelekea dirishani. Miguu ya upande ule niliifanya mirefu makusudi, ili meza itulie palepale dirishani.

Nimetoka kununua gundi tu. Narudi namkuta kapiga magoti, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Kaisogeza meza katikati, ikayumba, akaona mimi sijui kupima. Akakata mguu mmoja. Ikayumba upande wa pili. Akakata mwingine. Akaenda hivyohivyo, ndugu yangu, mpaka meza ikafika chini ya magoti!

Halafu ananitazama usoni: "Shemeji, nimekurekebishia. Sasa hata mtoto mdogo anaifikia."

Nimekurekebishia! Mtu ambaye hajawahi kupigilia hata msumari wa kutundikia shati!

Nikamwambia abebe begi lake atoke kabla sijampima yeye.

Mama watoto akatoka jikoni, mwiko mkononi: "Unamfukuza kaka yangu kwa sababu ya mbao?"

Mbao! Kila Jumapili nimeinama naranda, ili tuache kula kila mtu na sahani yake mapajani, tukae pamoja kama familia. Yeye anaita mbao!

Nikamjibu, "Basi mfuate."

Ndiyo, nilisema hivyo. Naye akamfuata, na watoto akawabeba.

Hesabu ya hasara nimeshaipiga: meza moja, mke mmoja, watoto watatu. Shemeji simhesabu.