Nasir Kafika Nyumbani

Alkhamisi. Joto la leo halina adabu, na mimi sina subira. Usiniulize hali.

Nimemchukia mdogo wangu Nasir tangu adhuhuri. Nataka niyaandike kabla hasira hazijapoa.

Baba ni marehemu na Nasir ndiye ndugu yangu pekee wa kiume, kwa hiyo ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Ndoa ilikuwa iwe Ijumaa iliyopita. Akaiahirisha kwa sababu chuo chake huko Marekani kimeingia mashindano ya taifa ya besiboli. Ya vyuo vidogo! Angalau vingekuwa vikubwa. Alisema atapanda ndege wakishatolewa tu, na hawatolewi.

Bibi harusi mzima, kila sala naomba watu nisiowajua wafungwe.

Leo asubuhi simu ililia, Mama akaiwahi. Laini ilikuwa inakwaruza. Alisikia, "Mama, nimefika nyumbani!" kisha ikakatika.

Mama akajua ndege imeshatua, akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Akawapigia wakwe zangu kule mtaa wa Ansab kuwaambia kesho tunaoza. Akavaa buibui lake jipya, akachukua shada la asumini, akaniamrisha niwashe gari. Kutoka mtaani kwetu Hail hadi uwanja wa ndege si mbali, lakini njia nzima alinihimiza nikanyage mafuta.

Tulisimama pale wanapotokea wasafiri. Wakatoka wote. Nasir hamna.

Nikampigia. Alipokea huku nyuma yake watu wanashangilia. Ikawa anaeleza kwamba mchezo wao una pembe inayoitwa nyumbani. Unapiga mpira, unakimbia mzunguko, ukirudi pale umepata pointi. Basi yeye kakimbia, kafika nyumbani, wameshinda, wamo fainali. Alicheka sana. Nikamweleza Mama.

Mama hakucheka. Alilitazama lile shada, akasema, "Mwambie kwao ni hapa."

Sikumwambia. Nilikuwa nimeshapandwa na mori. Nikamwambia ampe ami uwakili aniozeshe kesho, kwani mimi simsubiri tena yeye na gongo lake la mpira. Nilisema kwa ukali, nikajiandaa kwa ugomvi.

"Sawa, dada," akasema. "Hata ni bora hivyo. Mpe ami nambari yangu."

Hakusita hata kidogo.

Hilo ndilo lililonikera, si fainali. Nilitaka akatae. Nilitaka aniambie nisithubutu, kwamba hakuna mwengine wa kuniozesha ila yeye.

Ami keshampigia na wamekubaliana. Nguo yangu inaning'inia mlangoni. Mama kaliweka shada kwenye friji, kasema lisinyauke, kama kwamba yupo wa kuvikwa.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa naolewa. Usiku huu sijamwombea Nasir ashinde wala afungwe.