Geji Mpya ya Pikipiki na Waya wa Bluu

Jumapili, Julai 2007.

Leo Kitengela ni mawingu tu, na baridi ile ya Julai inayopita chini ya mlango. Tumetoka kanisani, tumekula, na sasa niko hapa saiba, kwa mwenye kompyuta za kukodi. Mke wangu, Mama Ndanu, amekuja nami. Ameketi kiti cha pembeni anasoma kila ninachoandika, na nikikosea herufi ananigusa kiwiko.

Nataka kuandika mambo ya jana kwa mpangilio, kwa sababu kesho nitatakiwa kuyasema mbele ya watu.

Wanaonisoma hapa wanajua mimi ni fundi wa stima. Nimeajiriwa katika shamba la maua upande wa Kisaju. Pampu, taa na mashine za baridi ni kazi yangu. Wanajua pia pikipiki yangu, ile ya tangu miaka ya tisini, yenye tanki jekundu lililopauka. Spidomita yake ilikufa zamani. Nimekuwa nikikisia mwendo kwa sauti ya injini.

Alhamisi nilinunua geji ya elektroniki kwa Abdi. Abdi anauza redio, betri na vifaa vya simu karibu na steji ya magari, na tumejuana tangu duka lake likiwa meza moja nje ya kinyozi. Ni mtu mpole, familia yake imetoka Garissa. Geji yenyewe ni kisanduku cha kutosha kiganja. Inaonyesha mwendo, mzunguko wa injini na nguvu ya betri, namba zikiwaka kama za saa ya mkononi. Nilikuwa nimeitamani muda mrefu.

Jana asubuhi niliitoa pikipiki uani nikaanza kazi. Nilifungua spidomita ya zamani na kuvuta kebo yake, ikatoka na kutu. Nikafunga sumaku ndogo kwenye spoki ya mbele, na kando yake, kwenye chuma kinachoshika tairi, nikafunga kile kidude kinachohesabu sumaku ikipita. Geji inataka kuambiwa urefu wa tairi likizunguka mara moja, kwa hivyo nilichora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, nikasukuma mpaka alama ya tairi ikagusa sakafu tena, nikapima. Kazi ya raha. Mama Ndanu alikuwa ndani anashona, nasikia cherehani.

Zikabaki nyaya. Karatasi ilisema nyekundu ni ya kuingiza stima kutoka kwa swichi, nyeusi ni ya arthi, yaani njia ya stima kurudi, bluu ni ya kuonyesha kwamba taa kubwa imewaka. Mimi niliona nyekundu moja na nyeusi mbili.

Nikadhani ni makosa ya kiwandani. Hutokea. Nikachagua moja nikaifunga kwa arthi, nyingine nikaipeleka kwa taa kubwa.

Nikawasha. Namba zikatokea, nikazungusha tairi kwa mkono, zikapanda. Nilifurahi. Kisha nikajaribu taa kubwa, na geji ikazima. Nikazima taa, geji ikarudi. Nikawasha tena, ikazima tena.

Nilipanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa Abdi.

Dukani kulikuwa na wateja. Sikungoja wamalize. Nilimwambia ameniuzia kitu kibovu, karatasi inataja waya wa bluu na hakuna waya wa bluu. Abdi alitoka nje, akainama kwenye pikipiki, akazifuata zile nyaya kwa kidole. Akashika mmoja.

"Baba Ndanu, bluu si huu?"

Nilimwambia asinifanye mtoto. Nilimwambia nilianza kushika nyaya kabla yeye hajajua betri ni nini. Maneno mengine sitayaandika. Abdi aliuachilia ule waya polepole, akaniangalia usoni, na nikaona kwamba hakukasirika. Alikuwa na wasiwasi.

Hilo ndilo lililonirudisha nyumbani kimya.

Nilipofika nilimwita Mama Ndanu. Sikumweleza kitu. Nilishika zile nyaya mbili nikamuuliza ni za rangi gani.

"Hii nyeusi, hii bluu," akasema. "Kwani?"

"Bluu ya namna gani?"

"Bluu tu. Kama sweta ya Ndanu ya shule."

Ndanu ni binti yetu, yuko bweni Machakos. Alipofunga shule mwezi wa nne nilimwona na ile sweta nikadhani shule imebadilisha sare kuwa nyeusi. Sikuuliza. Nilimwambia Mama Ndanu hivyo, na yeye akaingia ndani, akarudi na kopo lake la nyuzi.

Alipanga reli za uzi kwenye kiti cha pikipiki. Alinitaka nimpe nyeusi. Nilimpa moja.

"Hiyo ni bluu."

Nikampa nyingine.

"Hiyo ni kijani, Baba Ndanu. Kijani ya chupa."

Aliniambia nifunike jicho la kulia. Kwa jicho la kushoto peke yake uani kwangu kote kulikuwa kama kunaonekana kupitia chupa ya mafuta ya kupikia. Nikafunika la kushoto. La kulia lilikuwa afadhali, lakini si sana.

"Tangu lini?"

Sikujua. Huo ndio ukweli. Jambo hili halikuja siku moja ili niseme ni siku ile. Nilikuwa nimeanza kulaumu balbu za siku hizi, rangi za viwandani, vumbi. Usiku taa za malori zinanimwagikia machoni, na nikadhani wenye malori wameweka taa kali zaidi.

Mama Ndanu alianza kuokota nyuzi zake. Alikuwa anasema tutaenda hospitali ya macho, kwamba mama yake alikuwa na mtoto wa jicho akafanyiwa upasuaji akaona, kwamba si mwisho wa dunia. Mimi nilikuwa nimeacha kumsikiliza.

Nilikuwa nimekumbuka Jumatano.

Jumatano nilifunga pampu mpya shambani. Kebo inayoingia kwenye kile kibanda ina nyaya nne: nyekundu, njano na bluu ndizo zenye moto, nyeusi ndiyo ya kurudi. Moto unaenda kwa mota. Kwa taa na soketi unachukua moja yenye moto na ile nyeusi. Ukibadilisha bluu na nyeusi, mota itanguruma na kuungua, na kwenye soketi zitafika mbili zenye moto, nguvu karibu mara mbili ya inayotakiwa. Siku hiyo laini ilikuwa imezimwa kwa hivyo sikupima. Nilipanga kupima Jumatatu, siku ya kuanza kutumia pampu; mpaka hapo swichi ya kibanda ibaki imezimwa. Lakini Jumatatu mimi naingia kazini kumekucha, na anayefungua pampu alfajiri ni Lekishon.

Lekishon ndiye mlinzi wa pampu. Kitu cha kwanza anachofanya akifika ni kuchomeka birika lake la chai kwenye ile soketi. La bati.

Nilimpigia msimamizi, simu haipatikani. Nikampigia Lekishon, yake ikalia bila kujibiwa. Nikamwambia Mama Ndanu achukue shuka la baridi, tunaenda Kisaju.

"Unaweza kuendesha?"

"Mchana naweza."

"Nikikuambia usimame, utasimama."

Nikakubali. Aliketi nyuma, na njia yote ya Namanga alikuwa ananiambia sikioni kilicho mbele: ng'ombe wanavuka, shimo, lori limesimama. Vitu vingi kati ya hivyo nilikuwa nimeviona. Vingine sikuwa nimeviona. Sikumwambia ni vipi.

Lekishon tulimkuta ameketi nje ya kibanda cha pampu, shuka limemfunika mpaka masikio. Simu yake ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa juu ya msumari. "Sopa, fundi," akanisalimia, kisha akamsalimia Mama Ndanu, akashangaa kutuona Jumamosi. Nilimwambia kuna kitu nataka kuangalia. Nilipitia swichi kuu kuhakikisha stima imezimwa, nikaifunga kwa kufuli, nikampa yeye ufunguo aushike. Kisha nikafungua sanduku.

Nilimwomba Mama Ndanu amulike kwa tochi na aniambie rangi, kutoka kushoto, asiruke hata moja.

"Nyekundu. Njano. Nyeusi."

"Tatu hizo zinaenda kwa mota?"

"Zinaenda kwa hii mashine, ndiyo. Ya tatu ni nyeusi."

"Angalia tena."

"Baba Ndanu, ni nyeusi. Bluu iko huku chini, na ile nyekundu nyembamba."

Huku chini ni soketi, na zote mbili hizo ni nyaya za moto.

Nilikaa juu ya ndoo iliyokuwa pale. Lekishon aliuliza kama ni mbaya. Nikamwambia ni mbaya, na ni mimi nimefanya. Aliangalia birika lake pale kwenye rafu.

Tulifungua zote mbili. Mama Ndanu alikuwa ananipa waya mkononi akiutaja jina, mimi nauingiza mahali pake na kukaza skrubu, yeye anatazama kabla sijafunga. Mikono yangu inajua kazi hii. Ilikuwa haina tatizo lolote, mikono. Tulipomaliza alitaja tena zote kutoka kushoto, nikachukua ufunguo kwa Lekishon, na nikawaomba wote wawili watoke nje.

"Na wewe?" akauliza Mama Ndanu.

"Mimi nakuja."

Nikawasha mwenyewe. Nikaweka kipimo kwenye soketi, nikapata inavyotakiwa. Kipimo changu kina namba kubwa. Nikabonyeza swichi ya taa, balbu ikawaka kama balbu yoyote. Nikafungua pampu kidogo, mota ikazunguka bila kelele. Nilizima nikatoka. Lekishon alikuwa ameshamsogezea Mama Ndanu kigoda chake na wanazungumza habari za mvua.

Alituchemshia chai kwa birika lile. Nilikunywa.

Kabla hatujaondoka nilimaliza pia ile kazi ya pikipiki, kwa sababu vifaa vilikuwa mkononi na mwanga bado upo. Mama Ndanu alinionyesha bluu ni ipi, nikazibadilisha. Geji ilikuwa inapata njia yake ya kurudi kupitia balbu ya taa kubwa. Balbu ikiwashwa, njia inafungwa. Kitu kidogo namna hiyo. Nikawasha taa kubwa, namba zikabaki.

Hapo ndipo simu ya msimamizi ilipopatikana. Ningeweza kungoja. Kazi ilikuwa imerekebishwa, hakuna kilichoungua, na Lekishon si mtu wa kusema maneno. Nilishika simu nikamwangalia Mama Ndanu, naye akaangalia kando, huko kwenye nyumba za maua. Aliniachia.

Nilimweleza msimamizi. Nilimwambia yote, pamoja na Jumatano. Akasema, "Fundi, usiguse kitu kingine. Njoo ofisini Jumatatu."

Nikasema sawa.

Jua lilikuwa linazama tulipofika barabarani, na malori ya Namanga yalishaanza kuwasha taa. Kila taa ilikuwa na duara kubwa la ukungu. Nilienda kidogo tu. Mama Ndanu akanigusa bega, nikasimama kama nilivyoahidi. Tulirudisha pikipiki kwa Lekishon, akaiingiza ndani ya kibanda, tukapanda gari la abiria kurudi Kitengela.

Leo baada ya ibada nilipita kwa Abdi. Nilingoja wateja wake watoke. Nilimwambia waya ulikuwa wa bluu kama alivyosema, na kwamba nilimkosea mbele ya watu. Akaniuliza kama nimeenda kwa daktari. Nikasema Jumanne, kliniki ya macho, Mama Ndanu ataenda nami. Akasema bibi yake mmoja huko kwao alifanyiwa upasuaji wa macho, sasa anaona mbuzi wake mbali kuliko vijana. Akanipa mkono.

Sijui daktari atasema nini. Sijui kama ni mtoto wa jicho au ni kitu kingine. Na sijui kama shamba litaniweka, kwa sababu fundi wa stima asiyejua bluu na nyeusi ni nini? Angalau nijiulize mimi kabla hawajaniuliza wao. Kuna pampu nyingine nilizofunga mwaka huu, na kesho nitaomba zote zifunguliwe na mtu mwingine azitazame.

Mama Ndanu anasema nimeandika vya kutosha, na mwenye saiba anataka kufunga.

Kesho asubuhi naingia ofisini. Sentensi ya kwanza ninayo: macho yangu hayatofautishi bluu na nyeusi. Ya pili bado ninaitafuta.