Maji ya Betri, Maji ya Mfereji

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka shift saa moja asubuhi. Miguu imevimba. Nimeosha maski, nimeosha mpira wa hewa, nimemwaga maji ya jana kutoka kwa kile kitangi cha mashine. Chini kuna ukoko mweupe tena. Nimeukwangua kwa kucha. Hautoki.
Mke wangu Agnes anasema nimekuwa mtumwa wa mashine. Yeye hakuwepo siku niliposinzia juu ya forklift kule godown ya kazini nikamponda mwenzangu Otieno mguu. Bado nasikia ule mfupa. Daktari alisema nikilala koo hujifunga, nakabwa, naamka, nakabwa tena, hata sijui. Mashine inanisukumia hewa. Bila maji ndani yake hewa inakausha pua mpaka inatoa damu.
Naichukia. Naihitaji.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Sista ameangalia kitangi akatikisa kichwa. Anasema maji ya mfereji si sumu, siku moja mbili ukikosa mengine tumia. Lakini chumvi yake inaganda, na vijidudu vinapenda mahali pa joto. Maji ya distilled, yasiyo na chumvi, ndiyo mazuri. Yale ya kuongeza kwa betri ya gari. Nibadilishe kila siku, na kila wiki nisafishe kwa vinega.
Nimemwambia Agnes. Ameniuliza kama pua yangu ni ya mfalme. Makongeni nzima inakunywa ya mfereji.
Nimerusha kikombe ukutani. Kipande kimemkata kwenye kiwiko.
Nimeona aibu. Si sana. Hilo ndilo linaniogopesha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda Witeithie. Kuna mzee anaitwa Kamau, ana kiduka cha betri kando ya barabara. Mwembamba, miaka sitini hivi, koti la kaki lililojaa matundu. Nikasema nataka distilled, chupa mbili za lita moja.
"Gari gani?"
"Si gari. Ni mimi."
Nikamweleza. Alicheka, halafu akaacha. Akazigeuza chupa moja moja, akanionyesha kifuniko hakijavunjwa. "Hizi zimefungwa kiwandani. Mimi sijazi chupa." Mke wake, Mama Shiru, akanifungia kwa gazeti.
Nimelala masaa sita bila kukabwa. Nimeamka nataka kuimba.

Jumapili, 9 Machi
Ndugu yangu Wekesa amekuja kutoka Kiuu. Pikipiki yake iko kwa fundi hapa Makongeni, atakaa siku chache. Betri ameiweka jikoni, juu ya gazeti. Nimemwambia aitoe. Anasema kesho.
Kucheka kwake kunajaza nyumba. Nampenda. Yeye ndiye nilimbeba mgongoni mama alipokuwa shambani.

Jumanne, 11 Machi
Naandika kwa shida. Uso umefungwa.
Asubuhi nilirudi nimechoka kama maiti. Chupa ilikuwa kando ya sinki, imejaa. Nikajaza kitangi. Nikalala. Mashine iko kwa rafu juu ya kitanda, mahali pabaya, sista alishaniambia. Nikageuka, mpira ukavuta, mashine ikaanguka upande. Yaliyokuwa ndani yakashuka na mpira mpaka kwenye maski.
Moto. Ndani ya pua. Mdomo wa juu. Nikang'oa maski, ngozi ikaja nayo. Nilipiga nduru kama mnyama. Agnes akanishika shingo akanisukuma chini ya mfereji, akaufungulia wote, akanishikilia hapo nikipigana naye. Nilimpiga kifua. Hakuniachilia.
Daktari anasema ni asidi. Anasema yale maji ya mfereji ndiyo yameniokolea uso. Macho ni mazima. Shuka limetoboka matundu kama limeliwa na panya.
Asidi. Ndani ya chupa ya yule mzee.
Nataka kumuua. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 12 Machi
Tumeenda. Mimi, Wekesa na rafiki zake wanne wa boda. Nilikuwa na chupa kwa mfuko wa plastiki.
Kamau alikuwa anapangusa betri. Akasema, "Karibuni, wazee." Sikusalimia. Nikampiga ngumi ya mdomo. Nikasikia meno. Akaanguka katikati ya betri zake.
"Nimefanya nini? Nimefanya nini, boss?"
Nikamwonyesha chupa. Alinyoosha mkono aiangalie. Wekesa akamwahi na spana ya gurudumu. Kichwani. Tena. Nikampiga teke la mbavu, sijui mara ngapi. Watu wakajaa. Mtu akapiga kelele kwamba huyu anauzia watu sumu, na hapo haikuwa tena mimi na yeye. Mawe. Buti. Kijana wa boda akaja akiviringisha tairi kuukuu, mwingine akiuliza petroli.
Mama Shiru akatoka nyuma na unga mikononi. Akajitupa juu ya mume wake, akamfunika mwili mzima. "Ngai, Mungu wangu! Mniue mimi kwanza!" Wakampiga yeye pia mgongoni. Hakutoka. Wanawake wa sokoni ndio walikuja na ndoo na fimbo wakatutawanya.
Jicho la kushoto la Kamau lilikuwa nje ya mahali pake. Nililiona.
Nimerudi nyumbani nikala ugali. Nilikuwa na njaa sana.

Ijumaa, 14 Machi
Agnes alikuwa anapanga jikoni. Nyuma ya debe la unga akatoa chupa. Lita moja. Kifuniko hakijavunjwa. Ile ya pili ya Kamau. Alikuwa ameificha hapo isimwagike.
Akaiweka mezani.
Ya kwanza niliimaliza Jumatatu. Niliiacha tupu kando ya sinki. Sasa ile niliyoikuta Jumanne, imejaa, nani aliijaza?
Wekesa alikuwa mlangoni anavaa viatu. Nikamwangalia. Akaketi chini.
Ilikuwa asidi ya kujaza betri yake. Kibuyu alichopewa na fundi kilikuwa kinavuja, akaona chupa tupu, akaitumia. Alitaka kuniambia. Akasahau.
"Ulijua lini?"
Akashika kiatu chake cha pili.
"Wekesa, ulijua lini?"
"Juzi. Ulipotoa chupa kwa mfuko. Niliona alama yangu ya kalamu."
"Kabla umpige?"
"Niliogopa, bro. Akiishika angenusa, angesema ni asidi ya fundi. Ungeniua mimi."
Nilimpiga na kiti mpaka mguu wa kiti ukavunjika. Nikampiga na huo mguu. Akanishika uso, akavuta bandeji, akazamisha vidole kwenye kidonda. Sijawahi kusikia uchungu kama huo. Nikamng'ata mkono, nikaonja damu ya mtoto wa mama yangu. Agnes alikuwa analia akitupiga sote na ufagio. Mwishoni Wekesa akaruka nje, kiatu kimoja mguuni, akakimbia kuelekea stage ya matatu.
Jikoni kuna damu kwenye pazia. Agnes anafua. Nimemwambia nitasaidia. Amesema nisiguse chochote ndani ya nyumba hii kwa mikono hiyo.

Jumamosi, 15 Machi
Niko tayari. Nimevaa shati safi. Nakwenda kituo cha polisi kusema nilichofanya, na Wekesa anaishi ploti gani Kiuu.
Mashine naiacha. Seli haina soketi.

Ijumaa, 21 Machi
Nimetoka kwa dhamana. Mchungaji wetu ndiye mdhamini.
Sikulala. Kila nikisinzia nakabwa, nakoroma, na kila nikikoroma wananipiga teke. Jamaa mmoja alinifunga mdomo na soksi. Siku ya tatu nilianza kuona watu ambao hawapo. Mmoja alikuwa na koti la kaki.
Kamau yuko hai. Jicho limetolewa. Mbavu tatu zimevunjika. Mama Shiru anatembea ameinama.
Wekesa walimkamata akiwa amejificha chini ya kitanda. Kesi yetu ni moja. Kule mahakamani tulisimama bega kwa bega, hatukuangaliana.
Kazini wamenisimamisha.

Jumanne, 1 Aprili
Mama amepiga simu kutoka Bungoma. Alisema maneno machache tu. "Nilikuachia mtoto umchunge. Umemuuza." Nikajaribu kumweleza habari ya Kamau. Alikuwa ameshakata.
Nimekaa na simu mkononi mpaka ikazima. Sijutii kusema ukweli. Najutia kila kitu kingine.
Ile chupa ya pili bado iko mezani, imefungwa. Agnes hataki kuitupa, mimi siwezi kuifungua. Naweka ya mfereji kwenye mashine. Nachemsha kwanza. Ukoko umerudi, mnene zaidi. Mashine inatoa harufu ya sufuria iliyoungua. Kidonda cha mdomo kinapona vibaya, nikicheka kitavuta upande. Sicheki.

Jumamosi, 26 Aprili
Hakimu alisema nisimkaribie Kamau. Lakini mzee mwenyewe ametuma ujumbe kwa mchungaji kwamba nije. Tumeenda mimi na mchungaji, asubuhi, kabla barabara haijachangamka.
Alikuwa ameketi kwenye stuli nje ya duka. Kitambaa cheupe juu ya jicho. Amekonda zaidi. Mama Shiru alikuwa ndani anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.
Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Yote yalipotea. Nikapiga magoti kwenye changarawe.
"Inuka," akasema Kamau. "Nataka kuona uso wako. Siku ile ulikuwa umefungwa bandeji."
Nikainuka. Akaniangalia na lile jicho moja, muda mrefu. Sikuangalia kando.
"Kumbe ni wewe tu," akasema. "Mtu wa kawaida."
Nikasema samahani. Hilo tu. Nikasema nitakubali kosa mahakamani, sitamsumbua na mawakili. Akaitikia kwa kichwa. Mchungaji akakohoa.
Halafu Kamau akaniuliza siku hizi naweka maji gani.
"Ya mfereji, mzee. Nachemsha."
"Kuchemsha hakutoi chumvi. Maji yanapungua, chumvi inabaki, inazidi. Hiyo mashine utaiua."
"Ndiyo, mzee."
Akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara. "Pale kwa pampu za petroli wako na distilled ya kweli. Uliza yule mama wa ndani, si vijana wa nje." Akarudisha mkono kwenye goti. "Mimi sitakuuzia."
"Sawa, mzee."
Mchungaji akabaki nao kuomba. Mimi nimepanda daraja la waenda kwa miguu nikavuka barabara. Yule mama wa ndani alikuwepo. Nimenunua chupa moja.