Jimbo Lenye Watu Wachache

Mirdif, Dubai

Dada yangu Judy,

Natumai hamjambo huko Kinangop na kikohozi cha mwanangu Ivy kimepoa. Mimi ni mzima. Joto limezidi, hata maji ya bomba yanatoka moto.

Juzi madam, mwajiri wangu, alinionyesha picha za Vermont, jimbo dogo la Marekani ambako mumewe, sir, amepata kazi. Ni milima na misitu, na theluji hukaa miezi. Watu wa jimbo zima hawafiki hata robo ya watu wa Nairobi. Nyumba waliyopata imezungukwa na miti, jirani haonekani. Walitaka twende wote.

Dada, baridi siiogopi. Lakini hapa sir akianza kumpiga madam, mimi hukimbilia nyumba ya pili kwa Harriet, yule Mganda. Tukigonga mlango pamoja, sir huacha. Sikukuambia mapema kwa sababu ungekosa usingizi.

Nilimwambia madam, "Mimi siendi. Huko tukipiga kelele, nani atasikia?"

Alikwenda chumbani akaniletea pasipoti yangu waliyokuwa wameifungia. "Rudi kwa mtoto wako, Teresiah."

"Na wewe, madam? Si ubaki?"

"Nikibaki, atawachukua watoto wangu," akasema, akaendelea kukunja makoti yao mapya.

Nafika Jumamosi, inshallah. Leo nilipika chapati, na madam akanivutia kiti mezani kwa mara ya kwanza. Tafadhali mtaje madam katika maombi ya kanisani Jumapili, jina lake ni Rana.

Mdogo wako anayekuja,
Teresiah