Macho Yangu, Ushuhuda Wako

Kishanda,
Muleba.
18 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Dastan,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo wewe, mkeo Renatha na wajukuu wangu. Kile kikohozi cha mdogo kimepoa? Huku tu wazima, mvua inanyesha vizuri, senene wameanza kuonekana na migomba ya nyuma ya nyumba imebeba. Salamu zinaishia hapo, maana nimekukasirikia, na sitaki usome mambo ya senene ukadhani yote ni shwari.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Miaka sita sikushika kalamu. Joviana, binti wa jirani yetu Kokubanza, ataipiga picha akutumie kwenye simu. Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi niseme. Nikipiga tu, unapaza sauti, "Haleluya mama!", unaanza kuomba, unasema amina, unakata. Haya, kata na hii.

Ule ushuhuda wako uliokwisha kuenea huku kijijini, sasa nimeuona mwenyewe. Joviana alinionyesha jana baada ya Misa. Umesimama na kipaza sauti, unawaambia watu wa kikundi chako cha maombi kwamba mama yako wa Kishanda alikuwa kipofu, ukamwombea kwa simu, akafumbua macho akaona, bila kuguswa na mkono wa daktari. Watu wanapiga vigelegele. Khaa! Dastan! Bila kuguswa na nani?

Hebu tukumbushane. Mtoto wa jicho alinifunika macho yote mawili. Uliniombea kwa simu, ni kweli, nami niliitikia amina kwa moyo wote, na nakushukuru mpaka leo. Wiki iliyofuata Kokubanza akanishika mkono, tukapanda basi mpaka kliniki ya macho Bukoba, daktari akanifanyia upasuaji. Bandeji ilipotolewa nikakupigia nikasema, "Mwanangu, naona!" Ukapiga kelele, ukakata kabla sijamaliza. Hapo sikukulaumu, furaha ni furaha. Lakini uliponipigia tena nikakueleza yote, ukasema, "Mama, ya daktari usiyaseme. Nimeshashuhudia, utawavunja watu imani." Nikakwambia sitaki uongo. Ukaanza kuomba.

Tangu hapo sina raha hata kwenda kanisani. Wanawake wananigusa kitenge. Juzi mama mmoja kanisimamisha njiani na mtoto mwenye macho mekundu, eti nimpulizie. Nimpulizie! Nikamwelekeza zahanati, akaondoka amenuna, anadhani namnyima.

Sasa usinijibu kwamba mama hana imani. Miujiza naiamini kuliko wewe. Yule kipofu tangu kuzaliwa, Bwana alitema mate chini, akafanya tope, akampaka, akamtuma akanawe kwenye bwawa. Alikwenda na tope usoni, waitu, jamani, njia nzima, haoni, watu wanamwangalia. Bwana angeshindwa kumponya kwa neno tu? Hakushindwa. Alitumia udongo, mate, maji na miguu ya mtu mwenyewe. Na baadaye walipomhoji, aliyataja yote, tope na kunawa, hakuficha hata moja ili muujiza uonekane mkubwa. Wewe unaona haya ya nini? Mkono wa daktari unampunguzia Mungu nini?

Muujiza ni ishara, tulifundishwa hivyo tangu katekisimu. Ishara inakuonyesha Mungu na kukurudisha kwa jirani yako. Bandeji ilipotoka, mtu wa kwanza niliyemwona ni Kokubanza. Amezeeka, Dastan. Kakonda, kichwa cheupe chote. Miaka yote hiyo aliniongoza kanisani kila Jumapili, ananisimulia habari za watu, hakuniambia hata siku moja kwamba na yeye magoti yanamuuma. Nililia pale kliniki mpaka muuguzi akanikataza, eti nitaharibu jicho. Muujiza wangu ndio huo. Ungeniuliza ningekwambia, ungekwenda kuusema huko kwenye kipaza sauti, na mimi ningepiga vigelegele nao.

Haya yote ningeyameza kwa sababu wewe ni mwanangu. Ninachoshindwa kumeza ni cha baba yako mdogo Ildefons.

Unajua macho yake. Tulikuwa tunapapasa wote wawili, yeye na mimi, tukichekana nani atamwaga chai. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia, daktari alisema likifanyiwa upasuaji mapema litapona, likicheleweshwa linaharibika moja kwa moja. Alipangiwa mwezi uliopita. Hakwenda. Amesikia ushuhuda wako, na amesikia pale uliposema kwamba wanaokimbilia visu ni wale wasioamini. Sasa anakungoja wewe. Mchana kutwa ameketi na rozari, anasema, "Dastan anakuja Krismasi, ataniwekea mikono." Gaudiosa mkewe amembembeleza mpaka amechoka.

Mimi nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia, "Ildefons, nilipasuliwa. Kokubanza alikuwepo. Mwanangu amesema uongo." Unajua ni vigumu kiasi gani mama kulitamka hilo? Akatikisa kichwa kwa upole, akanijibu, "Shemeji, umepokea neema, sasa shetani anataka uikane. Tukuombee." Mimi mwenye macho hanisadiki! Anakusadiki wewe uliyekuwa Dar es Salaam! Nilitoka pale na hasira, na hasira yenyewe si kwake. Ni mtu anayekupenda. Ndiye aliyekufundisha Baba Yetu, ndiye aliyekubeba mgongoni siku ya kipaimara chako ili viatu visichafuke tope. Ndiyo maana anakuamini.

Daktari yupo Bukoba keshokutwa, Jumatano. Nafasi yake bado wameishikilia, Kokubanza amewaomba. Hatainuka kwa ajili yangu wala kwa ajili ya padre. Atainuka kwa ajili yako. Mpigie. Usimwombee kwanza, mwambie kwanza. Sema, "Baba mdogo, mama alipasuliwa, nami nilijua." Maneno hayo tu. Ukishayasema, ombeni mpaka mchoke.

Najua utaaibika mbele ya watu wako. Aibika. Aibu inapita.

Na nikwambie jambo moja ambalo limeniuma kuliko yote. Miaka sita sikuuona uso wako. Nilikuwa nawaza, nikipona, nitamwona mwanangu, kama amenenepa, kama amefanana na baba yake. Basi nimekuona. Nimekuona kwenye simu ya Joviana, umefanana na baba yako kabisa, na ulikuwa unasema uongo juu yangu.

Msalimie Renatha, mwambie nguo alizoleta zilinitosha. Wabusu watoto. Aristides, kaka yako, anakusalimu, naye ana hasira ila hajui kuandika barua ndefu. Kokubanza na Joviana wanakusalimu pia. Mungu akulinde huko uliko, na akupe ulimi mnyoofu.

Mimi mama yako, ninayekupenda hata leo nikiwa nimefura hivi,

Benigna

N.B. Nilikuwa namwita Joviana aje apige picha, Gaudiosa akaingia analia. Anasema asubuhi hii Ildefons amemuuliza kwa nini leo hajafungua madirisha. Walikuwa wameketi uani, juani. Dastan, mpigie sasa hivi.