Nabii Asiyehitaji Kinyozi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye meza ile ile yenye mguu mmoja mfupi. Natumaini wewe na shemeji mu wazima, na watoto wanakula vizuri na kukusumbua kiasi. Ukitaka kujua hali yangu, usiulize: nimenenepa, nimependeza, na kinyozi wa kushindana na mikono yangu mtaa huu bado hajazaliwa. Karani wa benki anawapita vinyozi wengine wote kuja kwangu. Na shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha! Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa siku hizi siamini hata kuta.

Mama hajambo, ila macho. Umeniuliza kwa ukali kwa nini hakwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho siku uliyompangia. Ukaniuliza pia, kwa upole unaoniogopesha zaidi, nani aliyetoa nje habari ya sweta. Nitajibu yote mawili, lakini niache nizunguke kidogo, unanijua.

Yule Nabii aliyepanga ukumbi nyuma ya soko la mbao ni mtu mnene, mpole, mwenye upara unaong'aa kama sahani iliyooshwa. Mama alikwenda kusikiliza tu. Nabii akafumba macho, akasema anamwona mama aliyefuma sweta mbili ndogo za kijani. Moja ilivaliwa mpaka ikachanika, ya pili haikuvaliwa hata siku moja, imekunjwa sandukuni. Dada, mama aliketi sakafuni. Tangu pacha wako alipofariki akiwa mchanga, habari hiyo ni ya mama, wewe, mimi, na wifi yako kwa kuwa ndiye anayefagia chini ya kitanda. Nabii akamwekea mikono machoni, akasema kisu cha daktari kisimguse, maana Mungu aliyemfumbua macho mtumishi wa Elisha atamfumbua na yeye. Basi, mama hataki tena kusikia neno hospitali. Na daktari alikwisha kusema kwamba jicho la kushoto likiachwa hivyo linaweza kufa kabisa.

Nikaanza kushuku. Kwanza wifi yako, Mungu anisamehe. Nikawa nageuza mazungumzo akiingia, namchungulia akiongea na fundi cherehani jirani. Akaniambia kama nina homa nikalale. Nikamshuku fundi cherehani. Nikakushuku hata wewe, nikajiuliza huko uliko unasali wapi. Nyumba ikawa kituo cha polisi, na askari ni mimi peke yangu.

Jioni mama hunitaka nimsomee Biblia, kwa sababu herufi zimemkimbia. Namsomea kwa mikogo, majina magumu nayaruka. Akataka habari za Elisha. Nikafika pale mfalme wa Shamu anapoona kila mtego anaoutega unajulikana, akawakusanya watumishi wake kuwauliza ni nani kati yao anayemsaliti. Nikasema moyoni, huyu mfalme ni ndugu yangu kabisa. Mtumishi mmoja akamjibu kwamba msaliti hakuna. Ni Elisha tu, anayejua hata maneno ya chumbani kwake. Mama akapiga goti kofi, akaniuliza kama nimeona. Mungu wa Elisha simtilii shaka, dada. Nacheka sana, lakini pa kunyamaza napajua. Aliyemwonyesha yule mtumishi mlima uliojaa farasi wa moto hashindwi na jicho la mama. Niliyemtilia shaka ni huyu wa nyuma ya soko la mbao.

Nikafunua kurasa nyuma kidogo, nikakutana na Gehazi, mtumishi wa Elisha aliyemkimbilia Naamani kwa siri kuomba zawadi ambazo bwana wake alizikataa. Nikakwama hapo. Nabii wetu hana nywele, sijawahi kumgusa kichwa. Lakini ana dereva, na dereva ana nywele! Kila Jumamosi hukaa kwenye kiti changu, na ni mteja wa raha kuliko wote: hasemi neno, ananiachia uwanja.

Nikamtega. Jumamosi iliyofuata nikamnong'oneza kwamba nina mwanamke mwingine ng'ambo ya mto, na mtoto aliyechukua masikio yangu. Uongo mtupu, na sikumwambia mtu mwingine yeyote. Jumapili nikamsindikiza mama, wifi yako nyuma yetu. Nabii akafumba macho. Akamwona mtu wa mkasi, mwenye nyumba ya pili ng'ambo ya mto, na mtoto mwenye masikio ya baba yake.

Sasa ona ujinga wangu: wifi yako sikuwa nimemwonya, maana bado nilikuwa namshuku. Alisimama. Ukumbi mzima ukatugeukia. Mimi ninayeongea mpaka sabuni inakauka kwenye mashavu ya watu, ulimi ukagoma. Ndipo mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Akasema kwa sauti kwamba mtu huyu amezaliwa na yeye, na tangu utotoni hajaweza kuficha hata peremende mdomoni. Angekuwa na mwanamke ng'ambo ya mto, mtaa mzima ungejua jina lake kabla hajamtongoza. Akamshika wifi yako mkono, wakatoka. Mimi nyuma yao, kichwa chini.

Nyumbani nikawaeleza mtego wangu, na mama hakucheka tena. Alikaa kitandani, akaniuliza taratibu: kama la mwanamke limetoka kwenye kiti changu, la sweta lilitoka wapi?

Dada, ni mimi. Kuna fundi bomba ambaye mkewe alijifungua, na mtoto hakuiona hata jioni ya siku hiyo. Alikuja kunyolewa, akalia na kitambaa shingoni, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa. Nikampa hadithi ya sweta. Nikamwambia hata mama yangu yalimpata, na bado anaishi, bado anacheka. Dereva alikuwa kwenye benchi, anasubiri zamu yake na gazeti. Nilimsahau kabisa. Kumfariji fundi bomba sijutii, lakini sweta haikuwa yangu kuitoa. Ni yenu, wewe na mama. Nisamehe. Wifi yako nimeshampigia magoti. Chakula ananipa, ila bado ananitazama.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Elisha alijua ya chumbani kwa mfalme ili watu wasiuawe, na hata maadui walipoingia mikononi akaamuru walishwe warudi kwao. Hakumketisha mama wa mtu sakafuni. Akaongeza kwamba Elisha naye alikuwa na upara, mpaka watoto wakamzomea, lakini Mungu wake hakuhitaji kinyozi wa kumletea habari.

Basi muombe daktari siku nyingine, upesi. Mama atakwenda. Sharti lake ni moja: uje, na bandeji ikifunguliwa, cha kwanza kuwekwa mbele yake kiwe ile sweta, na uishike wewe.

Jumamosi hii dereva alirudi. Nilimnyoa kimya, mwanzo mpaka mwisho. Waliokuwa kwenye benchi wakaulizana kama naumwa. Akiwa anajipangusa shingo, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akauliza macho ya mama yanaendeleaje. Nikamwambia hajambo. Nikamshikia kioo aone kisogo chake.

Msalimie shemeji, wapakate watoto kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Wifi yako naye anakusalimu, na anasema barua hii ameisoma yote kabla sijaifunga.

Mdogo wako,
Mkasi wa Dhahabu