Gunia la Mahindi Wodini

Rhoda we, sijui nicheke au nilie.

Unajua mapafu ya baba yalivyojaa makovu. Jana kabanwa kifua ghafla, sasa yuko wodini kwenye oksijeni. Daktari anasema ule ukungu wa mahindi mabovu aliyokuwa anapukuchua umemwingia kifuani.

Akamwomba baba mdogo Flavian alete punje chache azione.

Punje chache, Rhoda.

Baba mdogo kapakia gunia zima kwenye bodaboda kutoka Katandala. Kalifungua palepale kitandani, akalikung'uta. Vumbi la kijani wodi nzima.

Nesi kakimbia. Daktari anakohoa mpaka kainama.

Na baba, huyohuyo asiye na pumzi, kavua barakoa yake ya oksijeni akamnyooshea daktari: "Vuta kidogo, mwanangu. Hii inasaidia."